Mabwawa makubwa: nini huwapata maji na samaki wa Nile?

JUBA – Sehemu kubwa ya maji ya Juba, yakiwemo yanayosambazwa na maboza mitaani, huchotwa katika mto Nile Nyeupe, unaojulikana hapa kama Bahr el Jebel. Samaki wa sokoni nao wengi hutoka mto huo huo. Kwa hiyo mipango ya mabwawa ya umeme ya Fula, Shukoli, Lakki na Bedden, kati ya Nimule na Juba, inawahusu wakazi wa Mangateen kama inavyowahusu wawekezaji. Hadi sasa hakuna hata moja lililojengwa.

Maji hubadilika vipi

Mto ukizuiwa, maji hutulia. Bwawa likiwa na kina kirefu, maji ya juu hupata joto na ya chini hubaki baridi, bila kuchanganyika. Miti na majani yaliyofunikwa na maji huoza na kumaliza oksijeni ya chini, na huweza kutoa gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza. Maji hayo yakifunguliwa kupitia mitambo, samaki walio chini ya bwawa huweza kufa. Ndiyo maana wataalamu hushauri msitu ukatwe kabla ya bwawa kujazwa, na maji yachukuliwe kutoka tabaka la juu.

Aidha, tope lenye rutuba hunaswa bwawani. Rutuba hiyo hulisha mwani na magugumaji, huku wakulima na wavuvi wa chini wakiikosa. Maji yaliyotulia pia huzalisha konokono wanaoeneza kichocho.

Nani anapata, nani anakosa

Ziwa Kariba, lililoanza kujaa mwaka 1958, lilivamiwa na magugu katika miaka ya mwanzo. Hata hivyo, dagaa waliopelekwa huko kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1967 na 1968 walizaa biashara kubwa ya kapenta kwa Zambia na Zimbabwe.

Misri ilipata yote mawili. Baada ya Bwawa Kuu la Aswan kuzuia mafuriko, uvuvi wa dagaa wa baharini ulishuka kutoka takriban tani 18,000 mwaka 1962 hadi chini ya tani 1,000 mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960. Ziwa Nasser, kwa upande wake, likawa eneo jipya la uvuvi. Walionufaika hawakuwa wale waliopoteza.

Hali ya Juba

Bwawa dogo linalopitisha maji jinsi yanavyokuja lina madhara madogo kuliko ziwa kubwa la kuhifadhi maji. Lakini ukuta wowote huzuia samaki wanaopanda mto kuzaa. Wavuvi wa Terekeka, Bor na kinamasi cha Sudd hutegemea maji kupanda na kushuka kwa msimu, kwani samaki wengi huzaliana maji yanapotanda nyikani.

Kwa mfanyabiashara wa samaki, maswali ya kuuliza kabla ya mkataba wowote kusainiwa ni matatu: bwawa litahifadhi maji kwa muda gani, yatatolewa kutoka kina gani, na nani atawalipa wavuvi wa chini mavuno yakipungua. Umeme hupimwa kwa megawati na huingia kwenye hesabu za mradi. Samaki wanaopotea mara nyingi hawaingii.