Virusi vya TiLV kwa vifaranga vya perege

Virusi vya TiLV (Tilapia lake virus, yaani virusi vya ziwa vya perege) hushambulia perege, wakiwemo sato, na huua vifaranga zaidi kuliko samaki waliokomaa. Ugonjwa wake ni miongoni mwa magonjwa mapya yanayotishia ufugaji wa samaki wa maji baridi.

Historia

Vifo vya perege kwa wingi viliripotiwa Israel kuanzia 2009, mabwawani na katika Ziwa Kinneret. Virusi vilivyosababisha vifo hivyo vilielezwa kisayansi mwaka 2014, na mwaka 2016 ikabainika kuwa chembe zake za urithi (RNA) zimegawanyika katika vipande 10. Vimeripotiwa pia Ekwado, Kolombia, Misri na Thailand. Mei 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilitoa tahadhari ya kimataifa. Mwaka 2022 ugonjwa huo uliingizwa katika orodha ya magonjwa ya kuripotiwa ya Shirika la Afya ya Wanyama Duniani.

Umri na maambukizi

Thailand vifo vingi hutokea ndani ya mwezi mmoja tangu vifaranga wapandikizwe vizimbani. Katika milipuko mikali hufikia asilimia 90. Vifaranga huacha kula, hulegea, ngozi hugeuka nyeusi na kuchubuka, na macho huvimba au kuingia ukungu. Milipuko huhusishwa na maji ya nyuzi 22 hadi 32 za Selsiasi.

Sato jike huatamia mayai kinywani. Majaribio yaliyochapishwa 2020 yalikuta virusi katika viungo vya uzazi vya wazazi walioambukizwa na katika mayai yaliyorutubishwa, hivyo kifaranga anaweza kuambukizwa kabla hajaanguliwa.

Kwa karpi na virusi vya aina nyingine hali ni tofauti. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, uliochapishwa 2014 kuhusu virusi vya hepesi vya koi (karpi wa mapambo), ulionyesha kuwa karpi wa siku 1 hadi 21 tangu yai kurutubishwa huambukizwa kwa shida, kisha kinga hiyo hupungua kadiri wanavyokua. Ute wa ngozi ulionekana kuzuia virusi kuingia.

Afrika Mashariki

Mwaka 2018 watafiti walitangaza kuvikuta virusi vya TiLV katika sato wa Ziwa Victoria, upande wa Tanzania na Uganda. Kati ya sampuli 442 za samaki 191, 28 zilikuwa na chembechembe za virusi, nyingi zikitoka kwenye bandama na figo ya kichwa. Hapakuwa na tofauti ya maambukizi kati ya samaki wa kufugwa na wa porini. Kipimo kilikuwa cha PCR pekee, yaani cha kutafuta chembe za urithi; virusi hai havikuoteshwa.

Songwe

Vwawa, makao makuu ya mkoa wa Songwe nchini Tanzania, iko kwenye nyanda za juu zenye baridi, ilhali milipuko huhusishwa na maji ya nyuzi 22 na zaidi. Kwa mfugaji wa huko, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) kilicho karibu ni cha Kyela.

Kinga

Ugonjwa hauna dawa. Mfugaji anunue vifaranga kwenye kituo kinachoaminika, awatenge kabla ya kuwachanganya na wengine, na asiazimane nyavu na jirani. Virusi hivi havijulikani kumdhuru binadamu anayekula samaki.