Iritongo na Maji ya Mara

Mto Mara huanzia katika miinuko ya Mau, nchini Kenya, ukapita mbugani, kisha ukazigawa wilaya za Tarime na Serengeti kabla ya kuingia Ziwa Victoria, mwendo wa kilomita 395 hivi. Aandikaye historia ya watu wa kingo zake hana budi kuuliza: ni nani aliyekuwa na neno juu ya maji hayo?

Wakuria hawakuwa na mfalme. Mambo ya wote yaliamuliwa katika iritongo, yaani mkutano wa hadhara, na nyuma yake walikuwapo wazee wa inchama, ambao shauri lao lilikuwa la siri. Ng'ambo, miongoni mwa Wanata na Wangoreme, rika lililopokea dhamana ya nchi liliizunguka mipaka yake kwa miguu ili mvua inyeshe na mazao yasitawi. Msomaji wa leo asiharakishe kucheka. Kijana aliyeizunguka nchi yake hivyo aliijua kila chemchemi na kila kinamasi.

Wakoloni waliweka watemi wao; utemi ukafutwa mwaka 1963. Halmashauri za wilaya nazo zilivunjwa mwaka 1972, zikarudi mwaka 1984. Katikati yake Sheria ya Vijiji ya 1975 ilikipa kijiji serikali yake. Hivyo, katika umri wa mtu mmoja, mto ulibadilishiwa wenyewe mara tatu.

Maji hayakungoja. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda mita mbili na zaidi, na mwezi Mei 2020 likakifikia tena kimo kile. Misitu ya Mau ilikatwa, udongo ukateremka, kinamasi cha mafunjo karibu na mlango wa mto kikazidi kutanuka.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo. Ile ya Maji ya 2009 inaruhusu jumuiya za watumia maji. Ni sheria njema. Lakini kwa mwenye kishamba ukingoni, mita 60 ndizo mboga za wanawe wakati wa kiangazi. Nani ahame, apewe wapi, nani alinde miche? Hayo hayaamuliwi na karani, nami nimekuwa karani. Ni maswali ya iritongo hasa.

Hata hivyo, iritongo aghalabu ulikuwa wa wanaume. Mchota maji hakuwamo. Leo kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, na hilo wazee wa inchama wasingelitabiri.