Mnana wa Lufira

Mnana wa Lufira, ambaye wataalamu humwita Ploceus ruweti, ni ndege wa manjano wa vinamasi vya Ziwa Tshangalele, mashariki mwa mji wa Likasi nchini Kongo. Ziwa hilo lilitokana na shaba. Viwanda vya shaba vya kampuni ya Union Minière, kikiwemo cha Shituru kilichoanza mwaka 1929, vilitaka umeme. Mto Lufira ukazibwa Mwadingusha na maji yakatanda uwandani kuanzia mwaka 1930 hivi. Huenda ndege huyu alikuwamo matetezini tangu kale, kwani spishi haizaliwi kwa miongo michache.

Mwaka 1960 Mbelgiji Jean-Claude Ruwet alimkamata dume mmoja hapo. Ruwet alikuwa mtaalamu wa tabia za wanyama. Katika ziwa hilohilo alichunguza unyumba wa samaki Tilapia macrochir, ambaye jike wake huatamia mayai mdomoni. Lakini mnana aliishia kuwa ngozi ya makumbusho hadi mwaka 1982, Michel Louette na C. W. Benson walipomtangaza kuwa spishi mpya na kumpa jina la Ruwet. Mwaka huohuo UNESCO iliorodhesha bonde la Lufira kuwa hifadhi ya bayongahewa.

Ngozi haisemi nani alisuka kiota wala nani alilisha makinda. Ilibidi maisha ya nyumbani ya ndege huyu yakisiwe kwa kuwatazama jamaa zake, wakiwemo minana wanaojaza minazi na miembe ya bustani za mijini. Kwao fundi ni dume. Huchana utepe wa jani, hufunga kitanzi kwenye kijiti, kisha husimama ndani ya kitanzi hicho na kusuka chumba mbele yake, mlango ukitazama chini. Kazi ikiisha huning'inia mlangoni akipigapiga mabawa. Jike huingia, huvutavuta nyuzi; akiridhika hutandika ndani na kutaga. Asiporidhika yeye wala wenzake, kiota hukauka, na dume hukibomoa mwenyewe ili asuke kingine. Aliyekubaliwa naye huanza kiota cha mke wa pili. 

Mwaka 2009 Louette na Michel Hasson walichapisha taarifa ya kumpata tena mnana huyu ziwani hapo. Hata hivyo, baadhi ya wataalamu humhesabu kuwa tawi tu la Ploceus reichardi, mnana wa vinamasi vya kusini-magharibi mwa Tanzania.