Bunduki 4 za zamani ambazo bado zinapiga kazi hadi leo

Unaweza kudhani kwenye zama hizi za droni na makombora, bunduki za enzi za mababu zimebaki makumbusho tu. Kumbe sivyo. Zifahamu nne ambazo bado zipo vitani, kwenye filamu na hata kwenye gemu za simu.

1. Maxim (1884)
Ilibuniwa London na Hiram Maxim, mzaliwa wa Marekani. Kabla yake, bunduki za rashasha zilizungushwa kwa mkono. Maxim alitumia nguvu ya msukumo wa risasi moja kupakia inayofuata, na mtutu akauzungushia maji ili usipate moto kupita kiasi. Matokeo yake: takriban risasi 600 kwa dakika.

Tanganyika iliionja mapema. Katika Vita vya Maji Maji (1905-1907), wapiganaji wenye mikuki na magobore waliamini kuwa dawa ya Kinjekitile ingegeuza risasi kuwa maji. Agosti 1905 walipovamia boma la Wajerumani la Mahenge, bunduki za rashasha, zilizoitwa "bombomu", ziliwafyeka kwa wingi.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, Maxim ya Kirusi ya mwaka 1910 inatumiwa na jeshi la Ukraine. Ni nzito, ukiweka na magurudumu na ngao yake inafika kilo 60 na zaidi. Lakini kwa askari aliye kwenye handaki, uzito si tatizo, kwa sababu hahami nayo. Anachotaka ni bunduki inayopiga muda mrefu bila kuchemka. Nyingine zimefungwa pamoja kwa ajili ya kutungua droni.

2. Mosin-Nagant (1891)
Hii ni ya Urusi. Inabeba risasi tano, na kila ukipiga moja lazima ukoki tena kwa mkono. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 30. Mdunguaji maarufu wa Stalingrad, Vasily Zaytsev, aliitumia, na ndiyo inayoonekana kwenye filamu ya Enemy at the Gates (2001). Mwaka 2022 ilionekana tena mikononi mwa wapiganaji wa Donetsk wanaoiunga mkono Urusi.

3. Browning M2 (1933)
John Browning alianza kuisanifu mwaka 1918, na jeshi la Marekani halijaiacha mpaka leo. Risasi yake ina kipenyo cha milimita 12.7, inatoboa hata magari yenye deraya nyepesi. Mwaka 1967 huko Vietnam, mdunguaji Carlos Hathcock aliitumia kumpiga adui umbali wa takriban mita 2,286. Rekodi hiyo ilidumu hadi 2002.

4. Mauser C96 (1896)
Bastola hii ya Kijerumani unaijua bila kujijua. Silaha ya Han Solo kwenye Star Wars (1977) ilitengenezwa kwa kuongezea vipande vingine juu ya Mauser halisi. Ndugu yake, Kar98k ya mwaka 1935, ndiyo ile inayogombaniwa na wachezaji wa PUBG Mobile.

Kwa nini hazifi?
Sababu kubwa ni risasi. Risasi iliyotengenezwa kwa ajili ya Mosin mwaka 1891 ndiyo hiyo hiyo inayotumika kwenye Maxim ya Kirusi, na pia kwenye silaha mpya zaidi kama PKM na Dragunov. Viwanda bado vinaizalisha. Pili, ni chuma tupu: hazina betri wala kompyuta, na zikipakwa mafuta vizuri hukaa ghalani miongo kadhaa.

Hapo ndipo penye hatari. Vita vikiisha, askari hurudi nyumbani na wengine huzeeka, lakini bunduki haistaafu. Isipoharibiwa, inasubiri tu vita vingine.