Mbolea ya Chenga na Safari Yake hadi Kusini

Kiwanda cha mbolea cha Tanga, kilichoanza uzalishaji mwaka 1972, kilifungwa mwaka 1991, na fosfeti ya Minjingu mkoani Manyara, ambayo uchimbaji wake ulianza mwaka 1983, ikaendelea kuwa mbolea ya asili ya Tanzania. Awali mwamba huo ulisagwa na kuuzwa ukiwa unga uliopeperushwa na upepo, na baadaye ukaanza pia kutengenezwa kuwa chenga, yaani punje ndogo ngumu zinazopimika na kumwagika vizuri mkononi.

Wakulima wa korosho wa Masasi na Newala, kusini mwa nchi, walizoea salfa ya unga, inayopuliziwa mikorosho ili kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu ulioenea tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Lakini vumbi linalofaa majani halifai shimo la kupandia, ndiyo maana mbolea ya chenga inahitajika.

Ili chenga isivunjike, unga hulowanishwa kwa kiasi ndani ya pipa linalozunguka hadi ujiviringishe, kisha punje hukaushwa, huchekechwa na kupozwa kabla ya kufungashwa, na vumbi hurudishwa pipani. Zikifungwa zingali moto, jasho lake huzilainisha, zikagandamana na kumeguka gunia linapobebwa.

Uimara unaojengwa kiwandani hulindwa njiani na ghalani: gunia lishushwe taratibu, liwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta wenye unyevu, kwa kuwa chenga iliyosagika ni fedha ya mkulima iliyopotea.