Mkonge, Sabuni na Tope la Pangani

Ukiuliza nani aliuchafua Mto Pangani, jibu la haraka, iwe Korogwe au Handeni, ni mkonge. Jibu hilo lina msingi. Mmea alioingiza nchini Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 ulienea kando ya mto, na kila korona, mashine ya kuchambua nyuzi, ilitaka maji mengi ya kuoshea singa. Katika kilo 100 za majani, nyuzi ni kilo 4 hivi. Kilichobaki, makapi na maji ya kijani yanayowasha, kiliishia mtoni. Lakini huo ni uchafu wa kuoza: huwanyima samaki hewa, kisha huisha. Na baada ya uzalishaji wa nchi kufika kilele cha tani 230,000 hivi mwaka 1964, korona nyingi zilinyamaza. Sabuni ya unga haikunyamaza, ila ni nadra kutajwa katika historia ya mto huu. Hiyo ndiyo ya kutafutwa kwenye tope la mlango wa Pangani.

Na inatafutika. Sabuni ya unga hubeba mabaki ya kiwandani, alkilibenzini, yasiyotokana na mmea wala mnyama yeyote, nayo hung'ang'ania tope. Miaka ya 1980 watafiti wa California na Tokyo waliyatumia kufuatilia maji taka ya majumbani hadi baharini. Kinyesi nacho kina alama yake, koprostanoli, inayotengenezwa na bakteria wa tumboni. Mtu atasema: huku tunatumia vyoo vya shimo, maji taka gani yafike baharini? Kweli, kinyesi kwa sehemu kubwa hubaki shimoni. Povu la beseni halibaki. Humwagwa uani likasubiri mvua, au nguo hufuliwa mtoni kwenyewe. Kwa hiyo tope letu litarajiwe kuwa na alama ya sabuni yenye nguvu kuliko ya choo, tofauti na miji yenye mabomba ya maji taka.

Pingamizi zito zaidi ni bwawa la Nyumba ya Mungu, la miaka ya 1960, linalozuia tope la Arusha na Moshi. Sawa, lakini hapo ndipo hesabu inapotusogelea: sehemu kubwa ya kinachofika mlangoni imetoka chini ya bwawa, Korogwe ikiwemo. Handeni ina njia yake. Mradi wa maji wa Handeni Trunk Main (HTM) huvuta maji ya Pangani wilayani Korogwe na kuyapandisha huko, na baadhi ya mifereji ya Handeni hushukia Mto Msangazi. Anayelitafuta povu la Handeni asiishie Pangani mjini. Achimbe pia mlango wa Msangazi, kusini yake.