Waliowazika Wafu Wetu: Butembo na Beni, 2018–2020

Kuzika wafu ni tendo la huruma tulilofundishwa tangu katekisimu. Kati ya miaka 2018 na 2020, huku Butembo na Beni, tendo hilo likawa pia kazi ya hatari kubwa. Tunapowaombea marehemu wetu, yafaa tuwakumbuke na wale waliowashusha kaburini.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola imezuka Mangina, karibu na Beni. Ugonjwa ukafika Butembo na Katwa, na haukutangazwa kwisha mpaka 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua; kati yao 2,287 walifariki.

Mwili wa aliyekufa kwa Ebola huwa na virusi vingi mno. Hivyo kumwosha marehemu, kumvika na kumgusa kwa mara ya mwisho, ambayo ni desturi ya upendo, kukawa njia ya kifo. Kazi hiyo ikakabidhiwa vikosi vya mazishi vya Msalaba Mwekundu na vya Ulinzi wa Raia. Walinyunyiza klorini, wakaufunga mwili katika mfuko usiovuja, wakabeba jeneza hadi shimoni. Walivaa ovaroli, barakoa, miwani, glavu na buti za mpira, mavazi ambayo mtu hawezi kuyastahimili kwa muda mrefu katika joto. Hatari kubwa ilikuwa wakati wa kuyavua, kwa kuwa mkono uliochafuka ukigusa jicho unatosha kuambukiza.

Lakini mavazi hayo hayakuzuia mawe. Mapema Oktoba 2018, wahudumu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walishambuliwa Butembo, na wawili wakajeruhiwa vibaya. Kwa nini achukiwe mtu anayezika? Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni walikuwa wakizika waliouawa katika mauaji ya halaiki, na wengi waliona kwamba kilio chao hakikusikilizwa. Sasa magari na fedha zikaja kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Kisha, Desemba 2018, uchaguzi wa Beni na Butembo ukaahirishwa hadi Machi 2019, na Ebola ikatajwa kuwa mojawapo ya sababu. Shaka ikageuka hasira, na hasira ikamwangukia aliyekuwa karibu: kijana mwenye jeneza mabegani.

Hapa ndipo historia inapotufundisha. Utaratibu wa mazishi salama na yenye heshima hauagizi klorini peke yake. Unaagiza pia kwamba familia ielezwe kila hatua kabla mwili haujaguswa, iulizwe juu ya mahali pa kaburi, ipewe nafasi ya kusali na kuaga kwa umbali ufaao. Maagizo hayo ni heshima kwa wafiwa, na papo hapo ni kinga ya mchimba kaburi. Familia iliyosikilizwa haina sababu ya kuokota jiwe, wala ya kumzika mtu wake kwa siri usiku.

Ebola ilirudi Butembo Februari 2021, na Beni Oktoba mwaka uleule. Inaweza kurudi tena. Basi tusingoje siku hiyo ndipo tuwatafute vijana wa kuchimba. Usalama wao huanza kabla jembe halijagusa udongo: katika jumuiya zetu, pale watu wanapoambiwa ukweli mapema na wanaowaamini. Kazi hiyo ni yetu sisi walei.